Iorwerth Peate, mtoto wa seremala aliyeokoa nyumba za wakulima wa Wales

Mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, jeshi la Uingereza lilitwaa milima ya Epynt huko Wales ili lifanyie mazoezi ya mizinga. Watu wapatao 200, wakulima pamoja na familia zao, walitakiwa kuhama. Walipokuwa wakifungasha mizigo, alifika Iorwerth Peate, mtumishi wa makumbusho ya taifa mjini Cardiff, kuandika habari za nyumba zao kabla hazijatoweka. Bibi kizee mmoja alimshauri arudi haraka alikotoka, kwani hapo dunia ilikuwa imefika mwisho.

Peate alizaliwa mwaka 1901 katika kijiji cha Llanbrynmair. Baba yake alikuwa seremala. Wasomi wengi wa wakati ule walitazama ngome na majumba ya matajiri, lakini yeye aliuliza: mkulima wa kawaida alijengaje?

Majibu aliyatoa mwaka huohuo wa 1940 katika kitabu chake kuhusu nyumba ya Wales. Alionyesha kwamba nyumba hizo hazikuchorwa na wataalamu, bali zilitokana na ardhi yenyewe. Upande wa mashariki, penye miti mingi ya mialoni, mafundi walichagua mti uliopinda, wakaupasua katikati, kisha wakasimamisha vipande viwili vikutane juu. Uzito wa paa ulibebwa na miti hiyo, hivyo ukuta ungeweza kuwa wa fito zilizokandikwa udongo tu. Upande wa magharibi, mbao zilikuwa adimu. Huko walikanyaga udongo pamoja na majani makavu, wakaupandisha tabaka kwa tabaka juu ya msingi wa mawe, na kuezeka kwa nyasi.

Kulikuwa pia na nyumba ndefu, ambamo watu na ng'ombe walilala chini ya paa moja. Zizi liliwekwa upande wa chini wa mteremko ili uchafu utiririke nje. Wazee walisema ng'ombe anayeuona moto hutoa maziwa mengi zaidi. Msikilizaji mfugaji ataamua mwenyewe!

Mwaka 1941 Peate alifukuzwa kazi kwa sababu dhamiri yake ilimkataza kupigana vitani. Suala hilo lilifika hadi Bunge la Uingereza, naye akarudishwa kazini. Hiyo ilikuwa bahati kubwa kwa Wales, maana kazi yake kuu ilikuwa bado mbele.

Aliona kwamba kitabu hakitoshi. Nchini Sweden kulikuwa na makumbusho ya wazi tangu 1891, ambako nyumba za zamani zilihamishwa na kujengwa upya. Peate alitaka kitu kama hicho. Bwana mmoja tajiri alitoa jumba na shamba lake la St Fagans, karibu na Cardiff, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1948. Nyumba zilibomolewa kwa uangalifu na kusafirishwa. Mojawapo ni Abernodwydd, nyumba ya mbao, udongo na nyasi iliyojengwa 1678, ambayo ilisimama tena St Fagans mwaka 1955.

Peate aliongoza makumbusho hayo hadi 1971, akafariki 1982. Jiwe la kaburi lake liko hapohapo St Fagans, kando ya kanisa dogo la Pen-rhiw, ambalo nalo lilihamishwa kutoka kijijini.