Denis Burkitt: Daktari aliyefuatilia uvimbe wa taya

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911, na kupoteza jicho moja akiwa mtoto.

Mwaka 1957, akiwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliona watoto wenye uvimbe wa taya uliowaua upesi, na upasuaji haukufaa kitu.

Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakabaini kuwa saratani hiyo hutokea penye joto na mvua.

Sampuli alizotuma London ziliwezesha kugunduliwa, mwaka 1964, virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Yvonne Barr alikuwa bado akisomea shahada ya uzamivu.

Burkitt alifariki mwaka 1993. Saratani inayobeba jina lake hutibika kwa dawa, mgonjwa akiwahishwa hospitali.