Oscar Baumann na Njaa ya Ngorongoro

Wasomaji wetu wa Karatu huiona kila siku njia ile ipandayo kwenda lango la Ngorongoro, na magari ya wageni waendao kutazama wanyama. Mwaka 1892 msafara mmoja ulipita katika nyanda hizi hizi kwa miguu, ukitoka ziwa Manyara, ukapanda hata ukingo wa shimo lile kubwa. Mkuu wa msafara aliitwa Oscar Baumann. Tumeona vema kuandika habari zake, hasa kwa ajili ya ndugu zetu wauguzi na waganga, maana taabu iliyompata yeye kwa siku chache, wao huipata mara nyingi katika kazi yao.

Baumann alizaliwa Vienna katika nchi ya Austria, tarehe 25 Juni 1864. Hakuwa mganga wala mmisionari. Kazi yake ilikuwa kupima nchi na kuchora ramani. Mwaka 1885, alipokuwa kijana wa miaka 21, alifuatana na Oskar Lenz kwenda Kongo, lakini akaugua njiani, ikambidi kurudi. Mwaka 1888 akaenda Usambara pamoja na Hans Meyer. Wakati ule ule vita vya Bushiri vikazuka pwani; wote wawili wakakamatwa, wakatiwa minyororo, wasifunguliwe mpaka walipokombolewa kwa fedha. Basi mtu huyu alijua katika mwili wake mwenyewe maana ya kuwa mikononi mwa wengine na uhai wako kutajiwa bei. Tulikumbuke jambo hili, maana litatusaidia mbele.

Mwanzo wa mwaka 1892 aliondoka Tanga na wapagazi wengi na askari, akitumwa na kamati ya Wadachi ya kupinga biashara ya watumwa. Hatutaki kumpamba kuliko haki yake. Msafara wake ulikuwa wa bunduki, na ramani zake zilisaidia utawala wa kigeni kuingia bara. Baadaye, huko Burundi, walipigana na wenyeji, na damu ikamwagika. Mtu mmoja aweza kubeba mambo mawili.

Sasa yafaa tueleze hali ya nchi kabla hajafika. Ugonjwa wa ng'ombe uitwao sotoka uliingia Afrika kwa upande wa kaskazini karibu na bahari ya Shamu, yapata miaka mitano nyuma, ukashuka kusini kama moto wa nyika. Ng'ombe wa Wamasai wakafa karibu wote. Mtu wa mjini aweza kudhani kwamba ni hasara ya mali tu. Lakini kwa Mmasai wa siku zile ng'ombe alikuwa maziwa ya mtoto, mahari ya kijana, na mavazi na malazi ya mzee. Baada ya njaa ikafuata ndui. Chanjo ya ndui ilikuwa imejulikana Ulaya tangu mwaka 1796, nayo ilikuwa haijawafikia. Wamasai wenyewe waliyaita maangamizi hayo Emutai, yaani kumalizika kabisa.

Tarehe 18 Machi 1892 Baumann alisimama ukingoni, akashuka shimoni na watu wake, wakapiga kambi. Mara wenye njaa wakaja. Wengi walikuwa wamekimbia kutoka Serengeti, ambako mahali pengi palikuwa pamekwisha kuwa ukiwa. Walikuwapo wanawake waliobaki mifupa na ngozi, na macho yao yamepotewa na akili kwa njaa. Walikuwapo watoto ambao hawakuonekana tena kama watoto. Morani, wale ambao jina lao lilitisha misafara tangu pwani, walitambaa kwa mikono na magoti. Wazee walikaa kimya, wakingoja. Punda wa msafara alipokufa ikawa karamu, na ng'ombe alipochinjwa, hata ngozi na mifupa na pembe vililiwa.

Baumann aliwapa chakula kadiri alivyoweza, na wapagazi wakawagawia katika posho yao. Hapo ndipo taabu yake ilipoanza, maana kila aliyepewa alitaka tena, na kila siku wakaja wengine. Chakula cha msafara kilikuwa na kipimo chake, na watu wake mwenyewe walikuwa na safari ya miezi mingi mbele. Akitoa chote, wapagazi watakufa nyikani. Akizuia, hawa watakufa mbele ya hema yake. Hakuna hesabu iwezayo kumpa mtu jibu safi hapo.

Tena liko jambo ambalo hakulijua, wala wataalamu wa siku zile hawakulifahamu vema. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi akishibishwa ghafula, chumvi za damu yake huvurugika, na moyo waweza kusimama. Leo muuguzi humpa mtoto wa namna hii maziwa maalumu kidogo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Huenda wako waliokufa Ngorongoro kwa sababu ya chakula kile kile walichopewa kwa huruma.

Lakini lililo kubwa kuliko yote ni habari ya watoto. Wazazi walikuja kambini kuwatoa watoto wao wapewe kipande cha nyama. Baumann akakataa. Mtu aliyetumwa kupinga utumwa, tena aliyewahi kukombolewa mwenyewe kwa fedha, angewezaje kupokea mtoto kwa bei ya nyama? Nadhani hata sisi tungekataa. Wazazi walipoona hivyo, wakawaficha watoto karibu na kambi, kisha wakakimbia. Je, mama yule alimtupa mwanawe? Mimi siwezi kusema hivyo. Alimwacha mahali ambapo palikuwa na moshi wa chakula, akaenda zake asije akarudishiwa.

Basi msafara ukajaa watoto wa Kimasai. Na wapagazi, ambao wakubwa wao waliwahesabu kwa mizigo tu, wakawatunza wale wadogo kwa upole uliomgusa moyo Baumann mwenyewe, akauandika. Naye, alipoona hawezi kuwalisha wote, akawachukua wanaume na wanawake waliokuwa bado na nguvu kidogo, akawapa kazi ya kuchunga mifugo ya msafara. Kwa njia hiyo akaokoa kadhaa. Wenye nguvu ndio waliochukuliwa, wale wa kutambaa wakabaki. Siku ya kung'oa hema ilipofika, msafara ukaondoka.

Mwaka 1984 mwalimu mmoja wa Marekani, Andrew Jameton, alieleza dhiki ya muuguzi ajuaye lililo haki lakini amezuiwa kulitenda. Tangu hapo wengi wameliandika jambo hilo kwa vitabu. Jambo lenyewe ni la zamani, nalo lilirudi katika nchi aliyopita Baumann. Katika Septemba 1892 alifika Burundi, akafuata mto Ruvubu, ambao maji yake huingia Kagera. Juu ya Kagera liko daraja la Rusumo, na mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapata 250,000 kutoka Rwanda walilivuka kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Waganga waliokwenda kuwahudumia waligundua kwamba kati ya wale waliowapa maji na dawa walikuwamo wauaji, nao ndio waliotawala kambi. Kuondoka ni kumwacha mtoto anayehara. Kukaa ni kumnenepesha muuaji. Mwishoni mwa mwaka ule tawi la Kifaransa la Médecins Sans Frontières likaanza kuwaondoa watu wake. Wenzao wa matawi mengine wakabaki kwa muda. Wote walikuwa waganga, na kila upande ulikuwa na sababu yake.

Baumann alirudi pwani mwanzo wa mwaka 1893. Kitabu cha safari yake kilipigwa chapa Berlin mwaka 1894. Mwaka 1896 akawekwa kuwa balozi mdogo wa Austria na Hungaria katika Unguja, akaandika vitabu vidogo vya visiwa vya Mafia, Unguja na Pemba. Mwili wake ulikuwa umekwisha chakaa kwa maradhi. Akafa Vienna tarehe 12 Oktoba 1899, naye ana miaka 35. Katika kitabu kile kikubwa, chenye ramani na vipimo vya milima na maziwa, habari za wenye njaa wa Ngorongoro ni chache tu, nazo ndizo ambazo waandishi wa historia ya Wamasai huzirudia mara nyingi mpaka leo.