Saro-Wiwa Hakutetea Ardhi Peke Yake

Wanafunzi wangu wa isimu wanapolisikia jina la Ken Saro-Wiwa, aghalabu hukumbuka mambo mawili tu: mafuta na kitanzi. Siwalaumu. Ndivyo ulimwengu ulivyomfahamu mnamo Novemba 1995, utawala wa kijeshi wa Nigeria ulipomnyonga pamoja na wenzake 8. Hata hivyo, anayemsoma hivyo hawezi kufahamu kwa nini jamii ndogo ya wakulima na wavuvi ilithubutu kulikabili bomba la mafuta, wala ni msaada wa aina gani jamii kama hiyo huuhitaji.

Saro-Wiwa alizaliwa Bori mwaka 1941, katika nchi ya Waogoni kwenye delta ya mto Niger. Wakati wa harakati zake Waogoni walikadiriwa kuwa nusu milioni hivi, nao wana lugha kadhaa zikiwemo Kikhana, Kigokana na Kieleme. Alipojiunga na shule ya serikali ya Umuahia, hakuwako mvulana mwingine wa Kiogoni. Kiingereza ndicho kilichomwezesha kuzungumza na wenzake, na baadaye alikisomea katika Chuo Kikuu cha Ibadan. Vita vya Biafra vilipozuka mwaka 1967 aliunga mkono serikali kuu, akapewa usimamizi wa bandari ya Bonny, kisha akahudumu katika serikali ya jimbo la Rivers hadi alipoachishwa kazi mwaka 1973. Akaingia biasharani, akafanikiwa.

Mwaka 1985 alichapisha riwaya ya Sozaboy, na hapa naomba radhi ya msomaji nikawie kidogo. Msimulizi ni kijana anayeingia jeshini bila kujua vita ni vya nani. Husimulia kwa Kiingereza ambacho mwandishi mwenyewe alikiita kibovu, yaani mchanganyiko wa pijini, Kiingereza kilichovunjika na vipande vya Kiingereza sanifu. Ubovu huo umepangwa kwa makini mno. Kijana hana lugha ambayo kwayo angeweza kuhoji amri anazopewa, na sarufi yake inatuonyesha hivyo kabla ya matukio kutuonyesha.

Ni katika suala hili la lugha ndipo alipohitilafiana na Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwa Saro-Wiwa, kukitupa Kiingereza kungemwacha Mwogoni chini ya Kihausa, Kiyoruba au Kiigbo, na huo ungekuwa ukoloni mwingine. Mimi ni wa upande wa Ngũgĩ katika mjadala huo, na sijaona hoja ya kunihamisha. Lakini hoja ya Saro-Wiwa inatugusa sisi walimu wa Kiswahili kuliko inavyowagusa walimu wa Kiingereza, kwa kuwa lugha kubwa ya Kiafrika nayo yaweza kuimeza ndogo.

Mafuta yaligunduliwa Ogoni mwaka 1958. Mioto ya gesi iliwaka usiku na mchana karibu na makazi, mabomba yakapita katikati ya mashamba, na mafuta yaliyovuja yakaingia katika vijito na mikoko. Mwaka 1990 viongozi wa Waogoni walitia sahihi Hati ya Haki, na harakati iitwayo MOSOP ikaundwa. Wengi hudhani hati ile ilihusu mazingira tu. Yeyote atakayeisoma ataona kwamba dai la kutumia na kukuza lugha za Kiogoni limetangulia dai la kulinda mazingira. Sidhani kwamba mpangilio huo ulitokea kwa bahati. Mkulima asiyeweza kuulizwa wala kujibu kwa lugha yake hana njia ya kukataa. Huletewa karatasi akatakiwa atie kidole.

Mwaka 1992 Saro-Wiwa aliipeleka kesi ya watu wake Geneva, mbele ya jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu jamii za wenyeji. Tarehe 4 Januari 1993 Waogoni wapatao 300,000 waliandamana kwa amani. Mwezi Aprili mwaka huohuo, mkandarasi aliyekuwa akilaza bomba kwa niaba ya Shell aliingiza matrekta katika mashamba ya Biara akisindikizwa na wanajeshi. Wanakijiji walipojitokeza kupinga, walifyatuliwa risasi, na mama mmoja akapoteza mkono. Kazi ikasimama. Shell iliacha kuchimba mafuta Ogoni mwaka huo.

Mei 1994 viongozi 4 wa Kiogoni waliohitilafiana na Saro-Wiwa waliuawa na kundi la watu huko Giokoo. Ulikuwa unyama, na hauna utetezi. Yeye hakuwapo mahali pale, lakini alishtakiwa kuwa mchochezi mbele ya mahakama maalum ambayo hukumu yake haikuruhusu rufani. Akiwa kizuizini alimwandikia barua mtawa Majella McCarron wa Ireland, zikatoroshwa ndani ya vikapu vya mkate. Alinyongwa Port Harcourt tarehe 10 Novemba 1995, na Jumuiya ya Madola ikausimamisha uanachama wa Nigeria.

Mwaka 2009 Shell ilikubali kulipa dola milioni 15.5 katika kesi iliyofunguliwa na jamaa za waliouawa, bila kukiri hatia. Miaka miwili baadaye shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa Nairobi, lilitoa taarifa kuhusu Ogoni. Huko Nisisioken Ogale, karibu na bomba la shirika la mafuta la taifa, watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango kinachokubaliwa. Kusafisha nchi ile, taarifa ilisema, kungechukua miaka 25 hadi 30.

Nasi mafuta yaligunduliwa Turkana mwaka 2012. Walimu wenzangu wanaomfundisha Saro-Wiwa wangewauliza wanafunzi swali hili: makubaliano juu ya malisho ya Mturkana yaandikwe kwa lugha gani, na nani atamsomea?

Juni 2025 Rais Bola Tinubu aliwapa Saro-Wiwa na wenzake 8 msamaha wa serikali. Baadhi ya watetezi wa Waogoni walilipinga neno lenyewe. Msamaha, walieleza, hupewa mkosaji. Wao walitaka hukumu ya mwaka 1995 ifutwe.