Joe Strummer: Rokstaa aliyeimba siasa, mfuko ukamuuma

Kama hujawahi kusikia The Clash, tulia nikupe stori. Joe Strummer, jina halisi John Mellor, alizaliwa Ankara, Uturuki, mwaka 1952. Babake alikuwa mwanadiplomasia wa Uingereza, na yeye akasomea shule ya bweni. Mtoto wa ghetto hakuwa, na wakosoaji hawakuacha kumkumbusha.

1976 aliungana na Mick Jones na Paul Simonon jijini London, The Clash ikazaliwa. Aprili 1978 walipiga shoo Victoria Park, mbele ya maelfu ya vijana waliojitokeza kupinga ubaguzi wa rangi.

Kuimba siasa ni rahisi, utasema. Haya, angalia mfukoni. London Calling ya 1979 ilikuwa santuri mbili kwa bei ya moja. Mwaka uliofuata wakaleta Sandinista!, santuri tatu, bei ya chini vilevile. Ili ipite, bendi ilibidi isahau mrabaha wa nakala 200,000 za kwanza Uingereza. Wakakubali! Wewe ungetia sahihi hapo?

Cha kushangaza, wimbo wao uliofika namba moja Uingereza ulipanda 1991 kupitia tangazo la jinzi za Levi's, bendi ikiwa imeshavunjika.

Novemba 2002 Strummer alipiga shoo Acton, London, kuwachangia wazima moto waliokuwa kwenye mgomo. Jones, ambaye walimtimua 1983, akapanda jukwaani na gita lake. Wiki tano baadaye, Desemba 22, Strummer akafariki nyumbani kwake akiwa na miaka 50. Moyo wake ulikuwa na kasoro aliyozaliwa nayo, na hakuna aliyeijua.