Tewodros II: Shifta Aliyekuwa Mfalme wa Ethiopia, na Taji la Dhahabu Lililoishia London

London kuna jumba la makumbusho linaitwa Victoria and Albert. Kati ya vitu vinavyohifadhiwa huko kuna taji la dhahabu ambalo halijawahi kuvaliwa na mfalme yeyote wa Uingereza. Lilitengenezwa Ethiopia, na stori ya vile lilifika majuu inapitia maisha ya msee mmoja mnoma sana, Mfalme Tewodros II.

Hilo jina alijipa baadaye. Alizaliwa akiitwa Kassa Hailu, karibu mwaka wa 1818, huko Qwara karibu na mpaka wa Sudan. Buda yake alikufa akiwa bado mtoi. Mahasidi walikuja kumrushia maneno eti mathe wake alikuwa hasla wa kuuza kosso, ile dawa ya miti ya kutoa minyoo. Alisomea kwa monasteri, vita vikafika hadi huko, akaponea chupuchupu. Alipokua akaingia msituni, akawa shifta. Hilo neno tunalijua hapa Kenya kutokana na vita vya miaka ya 60 kule Kaskazini Mashariki. Kwa Kiamhari ni mtu aliyekataa utawala, akaamua kuishi nje ya sheria na mbogi yake.

Wakati huo Ethiopia ilikuwa na mfalme wa jina tu. Alikaa Gondar na taji kichwani, lakini jeshi na chapaa vilikuwa kwa wakubwa wa majimbo, ambao walipigana kila msimu. Kassa alikuwa anakuja kwa kasi hadi mmoja wao, Ras Ali, akampa bintiye Tewabech amuoe, akidhani atatulia. Wapi! Mwaka wa 1853 alimchapa huyo huyo baba mkwe vitani. Februari 1855 akamshinda Wube wa Tigray, na siku chache baadaye akatawazwa ndani ya kanisa ambalo Wube alikuwa amejijengea akipanga kutawazwa mwenyewe. Hapo ndipo Kassa akawa Tewodros, jina la mfalme ambaye utabiri wa zamani ulisema angeleta amani.

Kazi ya mafundi

Sasa hilo taji la London. Inaaminika lilitengenezwa miaka ya 1740, zaidi ya miaka 100 kabla ya Tewodros kutawazwa, kwa amri ya Malkia Mentewab na mwanawe Mfalme Iyasu II. Halikuwa la kuvaa ikulu. Lilikuwa zawadi kwa kanisa la Bikira Maria la Qwesqwam, pale Gondar.

Fundi aliyelishika hakuwa wa kubahatisha. Dhahabu tupu ni laini na inapinda haraka, kwa hivyo ilichanganywa na fedha na shaba ndio ishike umbo. Kuna sehemu ambazo dhahabu imevutwa ikawa nyuzi nyembamba, zikapindwa na kuunganishwa moja moja hadi zikawa mapambo. Sehemu zingine zimegongwa polepole hadi sura za Mitume na waandishi wa Injili zikatokeza. Kisha zikaongezwa shanga za kioo na rangi. Kazi kama hiyo ukikosea pigo moja, umeharibu sura ya mtume.

Barua iliyolengwa

Tewodros alikuja na mipango mikubwa. Alitaka jeshi linalolipwa ndio askari waache kupora wakulima, alipiga vita biashara ya watumwa, na akataka kupunguza mashamba ya kanisa. Hiyo ya mwisho ilimletea bifu mbaya na makasisi. Tewabech alifariki mwaka wa 1858, uasi ukazidi kila kona, na hasira zake zikawa hazishikiki.

Mwaka wa 1862 alimwandikia Malkia Victoria akiomba urafiki na mafundi. London ikamlenga. Ilipofika mwaka wa 1864 bila jibu la maana, akamfunga pingu balozi mdogo wa Uingereza, Charles Duncan Cameron, pamoja na Wazungu wengine. Mafundi wamishonari waliokuwa Gafat aliwalazimisha wamtengenezee mizinga, ukiwemo ule mkubwa wa Sebastopol wenye uzito wa karibu tani 7, ambao watu waliukokota hadi ngome yake ya Maqdala.

Na hapa tusimpake mafuta. Mwaka wa 1866 yeye mwenyewe aliivamia Gondar, akachoma makanisa na kubeba vitabu, misalaba na mali nyingine hadi Maqdala. Hazina ambayo Waingereza walikuja kuikuta huko ilikuwa imeshaporwa mara moja, tena na mfalme wa nchi.

Jenerali Robert Napier alitua mwaka wa 1868 akitokea India, na wanajeshi karibu 13,000 na ndovu 44. Aprili 10 bunduki zao zikalimaliza jeshi la Tewodros. Akawaachilia wafungwa lakini akakataa kujisalimisha. Aprili 13, Waingereza wakiingia ngomeni, alijiua kwa bastola ambayo Victoria alikuwa amemtumia kama zawadi.

Kilichofuata ni uporaji. Mali ilibebwa na ndovu 15 na nyumbu karibu 200, kisha ikapigwa mnada njiani. Richard Holmes wa makumbusho ya British Museum alikuwa hapo na doh za kununua. Taji likaenda majuu. Alemayehu, mtoto wa Tewodros wa miaka 7, naye akapelekwa. Mamake alifariki safarini. Kijana huyo alikufa Leeds mwaka wa 1879 akiwa na miaka 18 tu, akazikwa Windsor.

Deni halijalipwa

Miaka ya 1920 Uingereza ilirudisha taji moja la fedha lililopakwa dhahabu, lakini hili la dhahabu likabaki. Mwaka wa 2018 Victoria and Albert walisema wanaweza kulipeleka Ethiopia kwa mkopo wa muda mrefu, kwa sababu sheria yao ya 1983 inawazuia kutoa vitu hivyo kabisa. Yaani mwenyewe akopeshwe mali yake. Mwaka wa 2019 makumbusho mengine yalirudisha nywele za Tewodros, zilizokatwa alipokufa. Mwaka wa 2023 familia iliomba mabaki ya Alemayehu, na ikulu ya Buckingham ikakataa.

Kwa hivyo Waethiopia bado wanadai. Na wanaodai si watu wa ukoo wa Tewodros pekee, maana taji lilikuwa la kanisa kabla ya mfalme kulishika. Akirudishiwa mtu, basi Gondar iwe ya kwanza kwa foleni.