Yohane Bosco na Vijana wa Visu

Mwezi wa Januari 2015, na tena mwezi wa Septemba 2022, wenyeji wengi wa Dar es Salaam walifunga milango yao mapema kwa hofu ya makundi ya vijana wenye mapanga na visu. Watu waliyaita makundi hayo Panya Road. Mali iliporwa, watu walijeruhiwa, wengine walipoteza maisha. Polisi waliwasaka wakosaji, wakawakamata vijana kwa mamia mwaka 2015. Na mwaka 2022 baadhi ya watuhumiwa waliuawa kwa risasi. Wengi wao walikuwa vijana wadogo, walio bado na umri wa kufundishwa kazi na kutunzwa na wazazi.

Sisi tukaao hapa Kilakala, chini ya milima ya Uluguru, tusidhani kwamba hayo ni mambo ya pwani tu. Morogoro ni mji wa njia panda. Barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa zakutana hapa, na vijana washuka kutoka Matombo, Mgeta na Kinole kutafuta riziki mjini. Serikali ina wajibu wa kuwalinda raia, wala hatuupingi. Aliyevamiwa usiku ana haki ya kumwita askari. Lakini mara nyingi askari huja baada ya kisu kuchomolewa. Nani atamfikia kijana kabla ya hapo? Kwa ajili ya swali hilo twaona yafaa kusimulia maisha ya padre mmoja, ambaye mji wake nao ulikuwa chini ya milima, nao ulikuwa na magenge yake.

Yohane Bosco alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo, kaskazini ya Italia. Baba yake alifariki mtoto hajatimiza miaka miwili. Mama yake, Margherita, mjane asiyejua kusoma, aliwalea wanawe kwa kazi ya shamba na kwa sala. Yohane alipokuwa na miaka tisa aliota ndoto. Aliona kundi la wavulana wakigombana na kutukana. Akawarukia kwa ngumi ili kuwanyamazisha. Ndipo akaambiwa kwamba hao atawapata kwa upole, wala si kwa mapigo. Ndoto hiyo hakuisahau maisha yake yote. Umaskini ulimtoa nyumbani akiwa bado mtoto, akawa mtumishi katika shamba la watu. Baadaye alijifunza kushona nguo na kuhudumu katika mkahawa, ili apate kusoma.

Alipewa daraja ya upadre tarehe 5 Juni 1841. Padre Giuseppe Cafasso, mwalimu wake, alimchukua kuzuru magereza ya mji wa Torino. Huko aliwakuta wavulana wa miaka 12 hadi 18, wenye afya na akili, wakikaa bure pamoja na wahalifu wazoefu. Tena aligundua jambo lililomchoma moyo: wengi wa waliofunguliwa walirudishwa gerezani baada ya muda mfupi. Akachunguza sababu, akaona kwamba siku ya kutoka hapakuwa na mtu wa kuwapokea ila rafiki zao wale wale wa zamani.

Torino ya wakati ule ilikuwa ikijengwa kwa haraka. Wavulana waliteremka kutoka mabonde ya milima ya Alpi kuwabebea waashi matofali na chokaa. Siku ya Dominika hawakuwa na kazi, wala jamaa, wala mahali pa kukaa. Katika vitongoji kama Vanchiglia magenge yalipigana kwa mawe na visu. Nalo genge lilimpa mvulana mambo manne: jina, mchezo, chakula na ulinzi. Don Bosco hakutosheka na kuyalaani magenge. Aliwapa vijana mambo yale yale manne kwa njia ya halali.

Kwanza ni jina. Tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, kijana mmoja aliingia katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Mtunza sakristia alimpiga na kumfukuza, kwa kuwa hakujua kutumikia Misa. Don Bosco akaagiza aitwe arudi, akamwambia kwamba ni rafiki yake, akamwuliza jina. Aliitwa Bartolomeo Garelli, yatima wa miaka 16, kibarua wa waashi, asiyejua kusoma wala kuandika. Wakasali Salamu Maria pamoja. Garelli alirudi na wenzake, na kundi likaongezeka.

Pili ni mchezo. Baada ya Misa na katekismu padre alicheza nao, maana tangu utoto alikuwa hodari wa mazingaombwe na wa kutembea juu ya kamba. Walifukuzwa mahali pengi kwa ajili ya kelele zao. Wakuu wa mji waliwashuku, wakatuma askari wawachunge. Hata baadhi ya mapadre walidhani mwenzao amerukwa na akili. Siku ya Pasaka ya mwaka 1846 walipata makao katika banda moja huko Valdocco.

Tatu ni chakula na kitanda. Mwezi wa Novemba mwaka ule mama yake aliacha shamba lake, akaja kukaa naye na kuwapikia watoto wa watu. Vijana wa kwanza waliolazwa kwao darini waliondoka alfajiri na mashuka na mablanketi ya mwenye nyumba. Mwingine angalikoma hapo. Lakini mwezi wa Mei 1847 yatima mmoja kutoka bonde la Valsesia alipobisha hodi, amelowa mvua, walimfungulia. Kutoka kitanda cha mtoto yule ilikua nyumba ya mamia ya vijana.

Nne ni ulinzi. Tangu mwaka 1851 Don Bosco aliwaandikia wanagenzi wake mikataba na mafundi wa mjini. Fundi aliahidi kumfundisha kijana kazi, kumpumzisha siku za sikukuu na kumwonya pasipo kumpiga. Kijana naye aliahidi utii na bidii. Baadaye alifungua karakana zake mwenyewe za washona viatu, washona nguo, maseremala na wachapaji.

Mwaka 1857, katika stesheni ya Carmagnola, alikutana na Michele Magone, mvulana wa miaka 12 asiye na baba, aliyekuwa kiongozi wa kundi la watoto watundu. Hakumwita mhuni. Alimwuliza habari zake na matumaini yake, kisha akamwingiza shuleni Valdocco. Uhodari ule ule uliowavuta wenziwe kwenye utundu, sasa uliwavuta kwenye masomo na sala. Magone alifariki kwa ugonjwa mwezi wa Januari 1859, na Don Bosco mwenyewe aliandika kitabu cha maisha yake.

Wako watakaosema kwamba huko ni kuwadekeza wakosaji. Sivyo. Nyumba ya Valdocco ilikuwa na sheria, na kijana aliyewaharibu wenzake aliondolewa. Lakini wakubwa walikaa na vijana kutwa, wakacheza nao na kufanya kazi nao, hata kosa likakosa nafasi. Njia hiyo aliieleza katika maandishi mafupi ya mwaka 1877, akiijenga juu ya nguzo tatu: akili, dini na wema wa moyo. Mwaka 1859 alianzisha shirika la Wasalesiani, na mwaka 1872, pamoja na Maria Mazzarello, shirika la masista kwa ajili ya wasichana. Alifariki tarehe 31 Januari 1888. Baba Mtakatifu Pius XI alimtangaza mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934. Wasalesiani wapo Tanzania tangu miaka ya 1980, na shule zao za ufundi zipo Dodoma na Iringa.

Basi, sisi tufanye nini? Kilakala yajulikana nchini kwa shule yake ya wasichana, iliyoanzishwa na Masista wa Maryknoll kwa jina la Marian College. Msichana aliyepata nafasi humo ana kengele ya kumwamsha, mwalimu wa kumwonya na wenzake wa kucheza nao. Lakini ndugu yake anayeuza maji katika stendi ya Msamvu, ni nani amjuaye kwa jina? Akikosa kufika jioni, ni nani atakayeuliza habari zake? Iwapo mkuu wa genge peke yake ndiye aulizaye, tusistaajabu kijana akimtii.

Samaki mkunje angali mbichi. Parokia yenye uwanja iufungue Dominika alasiri, na mtu mzima awepo pale. Fundi wa gereji au wa useremala achukue mwanagenzi mmoja kwa mapatano yaliyoandikwa, yasiyo na kofi wala matusi. Wazazi wawajue rafiki za watoto wao, wawakaribishe mezani. Na mkoani kwetu, huko Wami, liko gereza la vijana. Kijana atakapofunguliwa, Mkristo mmoja amngoje langoni kabla rafiki zake wa zamani hawajafika.