Andrew Foster, Mwalimu wa Viziwi

Mhariri ameniomba mimi, niliyekalia madawati hayo hayo mnayokalia ninyi leo, niandike habari za kazi ninayojifunza sasa hapa Ngagara, yaani kazi ya msaidizi wa mwalimu katika darasa lenye watoto viziwi. Nilianza kuandika habari zangu mwenyewe, nikaona hazijazi hata nusu ukurasa. Basi nimeona afadhali niwaeleze maisha ya mtu mmoja ambaye ishara ninazojifunza kila siku kwa vidole vyangu zimefuata njia aliyoifungua yeye. Jina lake Andrew Foster.

Nilitaka kuandika kwamba jina hilo nililisikia kwa mkufunzi wetu, lakini huo ungekuwa uongo. Nililiona. Mkufunzi wetu ni kiziwi, naye alilitamka kwa mkono, herufi moja baada ya nyingine, na mimi nikaliandika vibaya mara mbili.

Foster alizaliwa tarehe 27 Juni 1925 huko Ensley, karibu na mji wa Birmingham, katika jimbo la Alabama, Marekani. Baba yake alikuwa mchimbaji wa makaa ya mawe. Alizaliwa akisikia vizuri kama mimi na ninyi. Alipokuwa na umri wa miaka 11 alishikwa na homa ya uti wa mgongo, yeye pamoja na ndugu yake, na wote wawili walipopona masikio yao yalikuwa yamekufa. Fikirini jambo hilo, enyi wasomaji: nyumba moja, maradhi ya siku chache, na watoto wawili hawasikii tena sauti ya mama yao.

Siku zile katika Alabama watu weusi walitengwa na weupe katika kila jambo, hata katika uziwi. Foster alipelekwa Talladega, kwenye shule ya watoto weusi viziwi na vipofu, na huko masomo yalikoma darasa la sita. Kijana aliyetaka kuendelea hakuwa na pa kwenda. Alipopata umri wa miaka 17 alihamia Detroit kwa shangazi yake. Huko alifanya kazi viwandani na kusoma kwa njia ya posta. Masomo yakija kwa barua, naye akirudisha majibu kwa barua. Kwa njia hiyo alipata cheti cha sekondari mwaka 1951, akiwa amekwisha kuwa mtu mzima wa miaka 26. Wale miongoni mwenu wanaolalamika kwamba taa ya bweni huzimwa mapema, nawaachia wenyewe.

Katika mji wa Washington kipo chuo cha viziwi kiitwacho Gallaudet, ambacho hati yake ya kutoa shahada ilitiwa sahihi na Rais Abraham Lincoln mwaka 1864. Foster aliomba nafasi huko akakataliwa, akaomba tena akakataliwa, kwa sababu ya rangi yake. Mwishowe alikubaliwa mwaka 1951. Masomo ambayo wengine waliyafanya kwa miaka minne yeye aliyamaliza kwa mitatu, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo hicho. Hakupumzika. Alisoma tena Michigan habari za kuwafundisha viziwi, kisha akaenda Seattle kusomea kazi ya umisionari, maana alikuwa amekwisha kuamua moyoni mwake kwamba atakwenda Afrika. Mwaka 1956 alianzisha chama cha misheni kwa viziwi, na mwaka 1957, mwaka ule ule Ghana ilipopata uhuru, alishuka Accra.

Kiziwi, mgeni, mfuko mtupu, hajui lugha yoyote ya nchi ile. Alianzaje? Aliazima madarasa. Watoto wa shule wakiisha kurudi nyumbani, yeye aliingia katika vyumba vyao pamoja na viziwi wake, watoto wakati wa alasiri na watu wazima wakati wa jioni. Wengi wao walikuwa wamefichwa majumbani, wazazi wakiona haya au wakidhani ni laana, na wengine hawakuwa hata na jina walilolijua, kwa sababu jina ni kitu cha kusikia. Mkufunzi wetu alitueleza kwamba kazi ya kwanza ya mwalimu wa kiziwi ni kumwonyesha mtoto kwamba kila kitu kina jina, na kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa vitu hivyo. Baadaye shule ile ya Accra ilipata makao na mabweni yake huko Mampong, kwenye milima ya Akuapem.

Mwaka 1959 Foster alihudhuria mkutano wa viziwi wa dunia katika mji wa Wiesbaden, Ujerumani. Huko alikutana na msichana Mjerumani, kiziwi kama yeye, jina lake Berta Zuther. Walioana Nigeria mwaka 1961, wakajaliwa watoto watano. Kutoka Ibadan alizunguka nchi baada ya nchi, akifungua shule, akitafuta mtu wa kuishika, akiondoka. Hesabu ya shule hizo ilipita 30, katika nchi 13, na Burundi yetu ni moja katika hizo.

Hapa sharti nisimame kidogo nieleze habari za ishara, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na ndiyo niliyoipenda zaidi. Mwaka 1880 walimu wa viziwi walikutana Milan, Italia, wakaamua kwamba ishara zitupwe, na mtoto kiziwi alazimishwe kusema kwa kinywa na kusoma midomo ya watu. Uamuzi huo ulitawala shule nyingi kwa miaka mingi, na watoto waliotumia mikono walipigwa mikono hiyo hiyo. Foster hakuufuata. Yeye alitumia kila kitu pamoja: ishara, vidole, maandishi, midomo. Ishara zake zilikuwa za Kimarekani, lakini zile za Kimarekani nazo zina asili ya Ufaransa, kwa maana mwalimu kiziwi Laurent Clerc alivuka bahari kutoka Paris mwaka 1816, na shule ya Hartford ikafunguliwa mwaka 1817. Foster akazileta Afrika, akazifungamanisha na maneno ya Kifaransa kwa ajili ya nchi kama zetu, na kila mwaka akawaita Ibadan vijana wa nchi zinazotumia Kifaransa, wengi wao viziwi, awafunze ualimu. Kwa hiyo ishara zilizotoka Paris zilizunguka Amerika, zikarudi kukutana na Kifaransa katika darasa la Afrika.

Wapo wanaomlaumu, nami siwezi kuwanyamazia. Wanasema Afrika ilikuwa na ishara zake yenyewe, kama zile za kijiji cha Adamorobe huko Ghana, na kwamba ishara za kigeni zilizifunika. Lawama hiyo ina ukweli. Lakini mimi nikimtazama mtoto ambaye hana mtu hata mmoja wa kuzungumza naye nyumbani kwao, naona ni vigumu kumlaumu mtu aliyemletea wenzake wa kuzungumza nao.

Mwenyewe nilikosea kwa njia nyingine. Mwezi wa kwanza wa mafunzo niliwekwa kando ya kijana mmoja kiziwi katika darasa la watoto wanaosikia. Kazi yangu ilikuwa kumgeuzia maneno ya mwalimu yawe ishara. Nilimwonea huruma, basi nikamnakilia ubaoni, nikamwonyesha majibu ya hesabu, hata penseli nilimchongea. Daftari lake likawa safi kuliko yote. Mtihani ulipokuja, mimi nikiwa nje ya mlango, alipata sifuri katika hesabu, na mwalimu akaanza kusema afadhali arudishwe kwao. Usiku ule sikulala. Sifuri ile ilikuwa yangu, lakini atakayerudishwa nyumbani ni yeye.

Mkufunzi hakunigombeza. Alinionyesha tu mahali pa kuketi: si ubavuni pa mtoto, bali mbele kidogo upande wa ubao, ili kwa mtazamo mmoja amwone mwalimu, maandishi na mikono yangu. Akanikataza kushika penseli isiyo yangu. Tena alinikumbusha kwamba Foster alikuwa akiondoka katika shule alizozifungua na kuwaachia wengine, nami niliyekuwa nikimfikiria kama msafiri asiyetulia nikaanza kuelewa kwa nini aliondoka.

Tulimwomba mwalimu muda wa muhula mmoja, akakubali kwa shida. Siku moja katika muhula huo mvua kubwa ilinyesha, mnajua mvua za Bujumbura juu ya mabati. Mwalimu alipaza sauti mpaka akachoka, akaketi. Darasa zima lilikaa bure. Sisi wawili tuliendelea na sehemu za hesabu mpaka tukamaliza zoezi, na watoto wengine wakageuka kututazama. Tangu siku hiyo watatu kati yao wamejifunza herufi za vidole, ingawa nachelea kwamba huzitumia zaidi kusengenyana wakati wa somo.

Foster alipewa shahada ya heshima na chuo chake cha Gallaudet mwaka 1970, chuo kile kile kilichomkataa, na mwaka 2004 ukumbi mmoja huko ulipewa jina lake. Lakini yeye hakuuona ukumbi huo. Tarehe 3 Desemba 1987 alipanda ndege ndogo akielekea Kenya. Ndege ikaanguka Rwanda, karibu na Gisenyi, penye ziwa Kivu, wote waliokuwamo wakafa. Alikuwa na miaka 62. Mkufunzi wetu, akifika hapo katika hadithi, huonyesha ndege kwa mkono mmoja na mlima kwa mkono wa pili, kisha huikunja mikono yote miwili mapajani, na kwa dakika nzima hakuna asemaye neno.

Yule kijana alipata 11 katika 20 katika mtihani wa pili. Hajarudishwa kwao. Jumatatu tunaanza desimali, na ishara yake bado sijaijua.